Wimbo wa Tano

Albamu ya kwanza ya bendi ya Kutu ilirekodiwa ndani ya stoo ya ndizi kule Mitunguu, mali ya mjomba wa Bundi, mpiga besi. Waliichagua kwa sababu kuta zake ni nene na mjomba si mtu wa maswali. Muziki wao ni granji, na kama hujawahi kuisikia granji, hukukosa utamu wa asali: ni gitaa linalokwaruza, ngoma nzito, na mtu mmoja anayeimba kana kwamba amekosana na dunia nzima asubuhi hiyohiyo. Mtu huyo alikuwa Njura, kijana wa Siakago, miaka ishirini na sita, aliyekwenda chuo kikuu kule Nchiru kusomea ualimu, akauacha ualimu mwaka wa tatu na kubaki na gitaa.

Nyimbo zilikuwa tisa. Walipoziweka mtandaoni mwezi wa Machi, wasikilizaji walianza kuzipima, kila mmoja na mizani yake. Wanafunzi wa Nchiru walisema gitaa liko sawa lakini maneno hayasikiki. Ukurasa mmoja wa wapenzi wa roki huko Nairobi uliipa albamu alama sita kwa kumi, ukaandika hivi: "Nyimbo nane ni hasira ya kawaida ya vijana. Wa tano ndio uliokuja na damu yake. Huyu jamaa hakutunga, alikumbuka." Mwanamke mmoja asiyejulikana akaongeza chini yake kwamba ameusikiliza kazini na imebidi aende chooni kulia.

Njura aliyasoma hayo mpaka kidole gumba kikamuuma. Zile nane alikuwa ameziimba kwa ukweli mtupu: alivyofukuzwa hosteli, ndengu za kwao zilivyokauka misimu miwili mfululizo, alivyolala njaa akimwambia kila mtu ameshiba. Watu waliziita za kawaida. Wimbo mmoja tu aliutia uongo, nao ndio walioupenda. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini wahenga wenyewe hawakuwahi kuweka wimbo mtandaoni.

Wimbo wenyewe uliitwa "Simu". Mama ameanguka jikoni. Anampigia baba. Baba yuko kanisani anafundisha kwaya, koti lake limetundikwa msumarini, na simu inalia mfukoni mwa koti. Baba anaisikia, anaendelea kuhesabu moja, mbili, tatu. Kisha gitaa linanguruma na Njura anapayuka, "Simu ililia, Baba, hukushika," mara kumi na moja, na mara ya kumi na moja sauti inakatika kabisa.

Sasa ukweli ni huu. Babake Njura, Mwalimu Misheck, mstaafu wa shule ya msingi na mwalimu wa kwaya kwa miaka thelathini na miwili, alikuwa na mazoezi Jumamosi ile, miaka minne iliyopita. Uongo ulipata mahali pa kukaa. Lakini alitoka mazoezini saa sita, akamkuta mkewe Regina sakafuni jikoni, akambeba hadi barabarani na kumfikisha hospitali. Regina hakuwa amempigia mtu yeyote. Simu yake ilikuwa imezima tangu asubuhi. Saa tisa, akiwa bado ana nguvu ya kuongea, aliomba jambo moja tu, kuisikia sauti ya kitindamimba wake. Mwalimu Misheck akaanza kupiga. Alipiga mara kumi na moja.

Njura alikuwa Nchiru, nyuma ya jukwaa la ukumbi wa wanafunzi, gitaa shingoni. Aliliona jina "Baba" kwenye kioo na kujisemea, mzee anataka kunihubiria tena kuhusu masomo. Akailaza simu kifudifudi juu ya spika. Kinya, mpiga ngoma wao, msichana wa Meru asiyependa kuzunguka na maneno, alimwambia, "Si ushike? Huyo mtu ana jambo." Njura akamjibu kwamba babake kila siku ana jambo. Simu iliendelea kutetemeka juu ya spika, naye akaitazama ikitetemeka. Regina alifariki saa kumi na moja jioni.

Kwenye matanga watu waliuliza kwa nini kitindamimba hakuongea na mamake. Mwalimu Misheck alijibu kabla mwanawe hajafungua mdomo. "Mtandao wa Nchiru ulikuwa mbaya siku hiyo," alisema, na kwa kuwa ni mtu ambaye hajawahi kusema uongo hadharani, hakuna aliyeuliza mara ya pili. Baba na mwana hawakulizungumza tena. Ungedhani jambo kama hilo lingemfundisha Njura kitu. Lilimfundisha kwamba mzee anaweza kubeba.

Alipoanza kuutunga wimbo, aliandika kwenye daftari, "Simu ililia, Mama, sikushika." Hilo Kinya aliliona kwa macho yake. Lakini kila Njura alipojaribu kuliimba, koo lilikaza na sauti ikatoka nyembamba kama ya mgonjwa. Siku ya tatu ndani ya ile stoo, wakiwa wamechoka na harufu ya ndizi mbivu, alijiondoa yeye mwenyewe kwenye wimbo na kumtia babake. Sauti ikafunguka. Ilitoka kubwa, imechanika, na Bundi akaiacha besi yake akapiga makofi. Kinya hakupiga.

"Ni nani hakushika?" alimuuliza.

"Kinya, ni wimbo tu."

"Sawa. Kama ni wimbo tu, weka jina la mtu mwingine."

Hakuweka. Uongo ulikuwa umempa sauti ambayo ukweli ulimnyima, na msanii akipewa sauti haulizi imetoka wapi.

Mwezi wa Mei, mtangazaji wa redio moja ya Embu alimwalika studio. Aliucheza wimbo wa tano mara mbili, akamuuliza, "Njura, niambie bila kuficha. Hii stori ni ya kweli?" Hapo palikuwa na mlango wazi. Angeweza kusema ni utunzi, asingekuwa wa kwanza wala wa mwisho. Lakini alikumbuka lile neno la watu wa Nairobi, kwamba hakutunga, alikumbuka, akaona akikana tu, albamu nzima itarudi kuwa kelele ya kawaida. Akakisogelea kinasa sauti. "Kila neno," alisema. Mtangazaji akavuta pumzi, akafungua laini za simu na kuwauliza wasikilizaji kama baba wa namna hiyo anastahili kusamehewa. Walipiga saa nzima. Wengi walisema hastahili.

Siakago walisikia. Na hapa lazima nikueleze jambo la kanisa lao, maana bila hilo hutaelewa. Katika kanisa lile mtu haimbi kabla ya kutoa ushuhuda. Unasimama, unasema Mungu alikutendea nini, lini na wapi, majirani wanaitikia kwamba wanajua, ndipo unaimba. Wimbo usio na ushuhuda wanauita debe tupu. Wamekua hivyo, wamezeeka hivyo, na sheria hiyo aliisimamia Mwalimu Misheck mwenyewe kwa mkono wa chuma. Aliwahi kumkalisha mke wa mchungaji kwa kuimba kuhusu ugonjwa ambao hakuwahi kuugua. Kwa hiyo waliposikia kijana wa kwao akimwimba babake kwa jina la baba, na kusema redioni kwamba kila neno ni kweli, hawakufikiria kwamba wanasikiliza granji. Walikuwa wanasikiliza ushuhuda.

Gladys, dadake Njura mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo pale mjini Siakago, alimpigia Jumatano.

"Baba ameambiwa apumzike kwaya," alisema.

"Na nani?"

"Na wazee wa kanisa. Mzee Nyamu ndiye alimuuliza mbele ya wote, 'Mwalimu, hii maneno ya simu ni kweli?'"

"Akasema?"

"Akasema, 'Mtoto ameimba.' Basi. Akachukua koti yake akaenda." Gladys alimwambia mteja angoje. "Njura, miaka minne nimempikia huyu mzee. Kila Jumapili. Nilikuwa namwonea huruma. Kumbe alisikia simu ya Mama akaendelea na do re mi yake. Sijaenda huko wiki mbili sasa. Siwezi mwangalia."

Palikuwa na mlango mwingine hapo, mdogo zaidi, wa kupitia na dadake peke yake. Njura alisema, "Usimwache bila chakula," na kukata simu.

Kinya alipopata habari, hakupiga kelele. Alikuja kwenye kibanda cha chai walipozoea kukaa, akaweka vijiti vyake vya ngoma mezani. "Jumamosi unaenda nyumbani," alisema. "Unawaambia. Usipowaambia, mimi siupigi huo wimbo tena, na bila huo wimbo hakuna mtu anatuita mahali." Njura aliahidi. Na nitamtendea haki: alipoahidi, alimaanisha.

Alifika Siakago Jumamosi alasiri. Alimkuta babake barazani, ameketi wima kwenye kiti cha mbao kama mtu anayesimamia mtihani, waya wa simu umeingia masikioni, daftari la kurasa mia mbili mapajani na kalamu mbili mfukoni, ya buluu na nyekundu. Amekonda. Shati limepigwa pasi lakini kola yake imekuwa pana kuliko shingo. Alipomwona mwanawe alifunga daftari na kutoa waya masikioni, polepole, sikio la kulia kwanza.

"Umekula?"

"Nimekula, Baba." Hakuwa amekula.

"Kuna githeri jikoni. Mimi mwenyewe nimepika, kwa hivyo mahindi ni magumu."

Njura aliketi kwenye ngazi. Alikuwa amejipanga njia nzima kuanzia Nchiru, neno kwa neno. "Baba, ule wimbo wa tano..."

"Bado nasikiliza," Mwalimu Misheck alisema. "Niko kwenye wa saba. Sikupi alama kabla ya kumaliza. Unajua mimi huwa sipendi hiyo."

Njura alijua. Katika maisha yake yote, katika makofi yote ya Nchiru na alama zote za Nairobi, sikio alilolitaka lilikuwa hili moja. Hili ndilo lililomfundisha sauti akiwa na miaka mitano, amesimama juu ya kreti ya soda mbele ya ubao ulioandikwa d, r, m, f. Na hili halikuwahi kusikiliza hata dakika moja ya muziki wake, mpaka muziki huo ulipolitoa kwenye kwaya. Alitaka kulia. Alisema atajaribu githeri.

Akaona ni heri aseme kesho, kanisani, mbele ya wote. Uongo aliusema hadharani na hadharani utakufa. Wazo hilo lilimpendeza sana, na nadhani hapo ndipo lilipoharibikia: lilianza kufanana na tamasha.

Jumapili, kama ilivyo desturi, Mzee Nyamu aliwaita waliotoka mbali wasimame wasalimie kanisa. Njura alikwenda mbele. Kwaya ilikuwa upande wa kushoto na mwalimu mpya, msichana mdogo aliyeshika rula ambayo Mwalimu Misheck aliongozea kwaya kana kwamba ni ya moto. Gladys alikuwa benchi la tatu, leso mkononi tayari. Babake alikuwa benchi la mwisho, pembeni, mahali wanapokaa wanaotaka kutoka mapema.

"Bwana asifiwe," Njura alisema.

"Amina."

"Nimekuja kusema juu ya ile simu."

Kanisa likanyamaza. Hajawahi kupata ukimya kama ule mahali popote alipoimba. Akina mama waliofunga vitambaa vyeupe, marafiki wa mamake, walimtazama kwa macho ya huruma tupu, na mmoja wao, Cicily, aliyemwosha Regina kwa mazishi, akasema kwa sauti ndogo, "Sema, mwanangu, toa moyoni." Njura alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, fupi, "sikushika". Koo likakaza. Lilikaza vilevile kama siku ile kwenye stoo ya ndizi, na yeye alijua sasa dawa yake ni nini.

"Nimekuja kusema," alisema, na sauti ikafunguka, kubwa na nzuri, ikafika mpaka kwenye mabati, "kwamba nimemsamehe baba yangu."

Vigelegele vilipasuka. Cicily alilia wazi. Gladys alisimama, akatembea mpaka benchi la mwisho na kumshika babake mkono, na watu wote wakageuka kumtazama yule mzee ambaye sasa hakuwa na la kufanya ila kuinuka. Aliinuka. Alitembea katikati ya kanisa kwa hatua zilezile za mwalimu anayekwenda kutoa zawadi siku ya wazazi, akampa mwanawe mkono, akautikisa mara moja. "Asante," alisema. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi. Mzee Nyamu, mwenye furaha ya mtu aliyemaliza kesi bila kuumiza kichwa, akatangaza kwamba kwa kuwa mtoto amesamehe, kanisa nalo limesamehe, na Mwalimu anaweza kurudi kwaya, aketi na waimbaji wa besi, ingawa rula itabaki kwa mwenzake.

Nyumbani, Gladys alipika. Alicheka na babake kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa, akamwekea nyama kubwa kwenye sahani yake. Mwalimu Misheck alikula yote. Njura alipokuwa anaondoka, mzee aliingia chumbani na kutoka na lile daftari, limefungwa kwa uzi.

"Nimemaliza," alisema. "Usome ukifika."

"Baba, pale kanisani..."

"Barabara ya Ishiara inajengwa. Ondoka mapema." Akafunga kifungo cha juu cha koti la mwanawe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu shule ya msingi, akaingia ndani.

Jumatatu asubuhi Kinya alikuja chumbani kwa Njura na vijiti vyake. Wasikilizaji walikuwa wameongezeka. Mtu alikuwa ameirekodi ile sehemu ya kanisani kwa simu na kuisambaza, na ule ukurasa wa Nairobi ulikuwa umeipandisha albamu hadi alama nane. Kinya hakuwa amefungua simu yake.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia," Njura alisema.

Kinya aliketi kitandani. Njura alikata uzi wa daftari, wakalisoma pamoja.

Mwalimu Misheck alikuwa ameiandika albamu nzima. Nyimbo zote tisa, kwa mwandiko wake wa ubaoni: noti juu kwa herufi, maneno chini kwa wino wa buluu, masahihisho kwa wino mwekundu. Hivyo ndivyo alivyojua kusikiliza. Kwenye wimbo wa kwanza aliandika, "Maneno hayasikiki. Tamka." Kwenye wa pili, "Gitaa limefunika sauti. Kwa nini unajificha?" Wa tatu, ule wa ndengu zilizokauka, aliuwekea alama ya vyema, na pembeni, "Hii ni kweli. Nilikuwepo." Kwenye wa nne aliandika, "Mpiga ngoma huyu anajua kuhesabu. Mshike vizuri." Kinya alicheka kidogo, akajifuta jicho.

Wimbo wa tano ulichukua kurasa mbili. Mwalimu yeyote wa kwaya angeandika kiitikio mara moja na kuweka alama ya kurudia. Yeye alikuwa amekiandika mara kumi na moja, mstari chini ya mstari, "Simu ililia, Baba, hukushika," herufi zote zimenyooka, hakuna iliyotetemeka. Njura alipitisha kidole chini ya kila mstari akitafuta wino mwekundu kwenye maneno. Haukuwepo. Ulikuwa kwenye noti tu. Mstari wa tatu, "Hapa umeshuka nusu noti." Wa saba, "Umeharakisha." Na wa kumi na moja, pale ambapo sauti inakatika na yule mwanamke asiyejulikana alikwenda chooni kulia, mzee alikuwa ameandika, "Hapa umeishiwa na pumzi. Pumua kabla ya kusema 'Baba'."

Kinya aliyasoma maneno hayo mara mbili. Kisha akatoa simu yake na kuifungua, akautazama ule mkanda wa kanisani mpaka kwenye vigelegele. Njura hakuinua macho kutoka kwenye daftari. Alimsikia akiokota vijiti vyake kitandani, kimoja, halafu cha pili, na mlango ukafungwa bila kubamizwa.